Utumbo wa Mbuzi Ulivyonikana Mbele ya Daktari wa Wilaya

Ndugu zangu Hamisi, Yusufu na Dada Paulina,

Leo nimevuliwa nguo nikiwa nimevaa koti jeupe. Kijiji kizima kimeona, Daktari wa Wilaya ameona, na mbuzi aliyeanzisha yote haya hayupo tena duniani wa kuulizwa.

Nawaandikia jua halijazama. Barua ni hii moja tu. Hamisi akimaliza ampe Yusufu, Yusufu ampelekee Paulina. Sina nguvu ya kusimulia aibu moja mara tatu.

Mnakumbuka chuoni mwalimu alivyotuchorea ukuta wa utumbo ubaoni, akasema dawa bora duniani haina faida kama haijui kupita mlango? Mimi maneno yale yaliniingia vibaya. Tangu nipangiwe zahanati hii, kijiji cha ujamaa huku ndani ukiacha barabara ya Mkiwa, ninalo daftari. Juu ya jalada nimeandika "Kupenya". Kila dawa inayofika katika sanduku la wilaya naipa ukurasa wake, na kabla sijafungua kitabu cha dawa nabashiri mwenyewe. Hii itapita ukuta wa utumbo iingie kwenye damu. Hii itapita kwa taabu. Hii haipiti kabisa, ni ya sindano. Chembe zake zikiwa ndogo naipa alama. Ikiwa inapatana na mafuta naipa alama nyingine, maana kuta za mwili zina mafuta, na kinachoogopa mafuta huzubaa mlangoni. Kisha nafungua kitabu najisahihisha. Streptomaisini nilisema haitapita utumbo, nikapata. Aspirini nilisema itapita, nikapata. (Wenzangu wanacheza bao. Mimi nacheza hivyo. Mke sina, mnajua.)

Shida ni kwamba huku hakuna anayeamini kuwa kidonge kinapita popote. Kwao dawa ni sindano. Mtu akitoka zahanati bila kuchechemea anajiona amedhulumiwa. Na mimi mabomba ya sindano ninayo mawili, moja lina ufa, na jiko la kuyachemshia linakula mafuta ya taa kuliko taa yenyewe.

Sasa sikieni dhambi yangu. Nafasi ya kozi ya uganga wa juu ilipotangazwa, nafasi moja kwa wilaya nzima, niliandika ripoti yangu kwa mwandiko mzuri sana. Ndani yake kulikuwa na sentensi hii: "Wananchi wa kijiji hiki sasa wanameza vidonge kwa hiari na kwa uelewa." Mwenyekiti wa kijiji akatia sahihi, muhuri ukapigwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nawapa vidonge, wanasema "Asante, Bwana Dresa" (huku mganga msaidizi bado anaitwa hivyo), wanakwenda zao. Nikaamini wanameza. Sikuuliza sana. Mtu anayetaka kozi hachimbi sana.

Wiki iliyopita ikaja barua. Daktari wa Wilaya anakuja mwenyewe kuona "maendeleo ya umezaji wa vidonge". Akiridhika, atajaza jina langu kwenye fomu ya kozi palepale. Asiporidhika, barua haikusema.

Nikapata wazo. (Mkiona nimepata wazo tena, nifungieni ndani.) Nitawaonyesha wananchi kwa macho yao kwamba dawa hupita ukuta wa utumbo. Nitachukua kipande cha utumbo wa mbuzi, nitakijaza uji mwembamba wa unga wa muhogo, nitafunga ncha zote mbili kwa uzi. Kisha nitakizamisha ndani ya chupa pana ya maji niliyotia aidini, ile dawa ya kahawia ya vidonda inayowafanya watu wazima walie. Uji ukikutana na aidini hugeuka mweusi. Kwa hiyo weusi ukionekana ndani ya utumbo, maana yake aidini imepita ukuta yenyewe, bila sindano, bila tundu. Jumamosi nilijaribu kwa utumbo nilioununua kwa mchinjaji wa Mkiwa. Dakika ishirini tu, utumbo ukawa mweusi kama sufuria ya shughuli. Nilicheka peke yangu mle chumbani mpaka nikajionea haya.

Basi, leo.

Alfajiri mbuzi wa mgeni akachinjwa nyuma ya ofisi ya kijiji. Nilikuwa wa kwanza kufika, na karai langu. Nimeshaushika utumbo nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Alikuwa Mzee Sombi. Huyu ni mzee wa hapa ambaye mbuzi wa mgeni akichinjwa, utumbo hauoshwi mpaka yeye autazame. Anafuata mishipa kwa kidole, anasema kama mvua ipo au haipo, kama safari ni njema au irudishwe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaupeleka wapi utumbo ambao haujatazamwa?"

Nikamweleza kwa heshima kwamba ni kazi ya serikali. Akasema serikali itasubiri. Akachuchumaa, akaukunjua utumbo pole pole, kidole kikatembea, kikasimama, kikarudi nyuma kidogo. Mimi nikawa naangalia barabarani kama Landrova imekwisha kutokea.

"Mgeni atakula ashibe," akasema. "Mwenyeji mmoja hatakula."

"Nani huyo, mzee?"

"Utumbo hautaji majina."

Nikatabasamu. Mtu wa sayansi, koti limepigwa pasi, daftari kwapani, nikamtabasamia mzee wa watu. (Kumbukeni tabasamu hilo. Mimi sitalisahau.)

Nikauosha utumbo, nikaukabidhi kwa Mama Salome. Mama Salome ndiye mhudumu wetu wa zahanati. Anafagia, anachemsha sindano, na mgeni akija anapika. Ni mama wa umri wa mama yangu na hana mchezo na kazi. Nikauweka kwenye ndoo ya maji ya mvua, ya mwisho kabisa kutoka kwenye tangi letu, maana ya kisimani yana chumvi na nilitaka maji safi kwa ajili ya chupa yangu. Ndoo moja, kwa utumbo na kwa majaribio. Kiangazi hiki maji ya mvua hayagawanywi mara mbili.

"Mama Salome, utumbo huu ukae humu humu mpaka nitakapouhitaji. Usiuguse."

"Sitaugusa, Dresa."

"Hata kidogo, mama. Nikishamaliza kazi yangu utachukua wote ukapike."

"Mwanangu, nimekwambia sitaugusa."

Na hakuugusa. Naomba hilo liandikwe vizuri, kwa sababu mama yule si mwongo. Mwongo katika kisa hiki ni mmoja tu, na ndiye anayewaandikia.

Saa nne Landrova ikaingia na vumbi lake. Akashuka Daktari wa Wilaya, mtu mrefu mkimya, miwani mikubwa, mkoba wa ngozi. Nikamsalimia, akaitikia, akaniuliza, "Wewe ndiye wa ripoti?" Nikasema ndiyo. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtu mwingine.

Nilitazamia watu thelathini. Walikuja wote, wakajaa baraza la zahanati. Wachungaji wameacha ng'ombe, kina mama wameacha mtama juani, hata wale ambao hawajawahi kukanyaga zahanati kwa sababu wanatibiwa kwingine. Nikamuuliza mwenyekiti wamekujaje wengi hivi. Akaninong'oneza, "Wamesikia leo dresa anashindana na Mzee Sombi kusoma utumbo."

Nikageuka kutazama ubao wangu. Nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa, UTABIRI, na chini yake: Moja, aidini itapita. Mbili, uji hautapita. Tatu, utumbo utageuka mweusi kwa ndani.

Daktari naye alikuwa anausoma ubao. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ndugu, hapa ni zahanati, au ni kwa mpiga ramli?"

"Ni sayansi, Daktari."

"Haya," akasema, akakaa, akaweka mkoba magotini. Ndani ya mkoba ule kulikuwa na ripoti yangu na fomu ya kozi, na mimi niliuona mkoba ule kuliko nilivyowaona watu wote waliokuwa pale.

Nikaanza. Kwa kweli nilianza vizuri. Niliwaambia, tuseme uji huu ndio damu yako, na utumbo huu ndio ukuta wa tumbo lako, na aidini ndiyo kidonge ulichomeza kikayeyuka. Nikawaambia aidini ni ndogo kwa hiyo itapita, na uji ni mkubwa kwa hiyo utabaki ndani, kama chekeche linavyopitisha unga likazuia chenga. Kina mama wakatikisa vichwa kukubali. Chekeche wanalijua. Nikaona hata Daktari ameegemea mbele.

Akasimama Bibi Mwanaidi. Huyu ni bibi mdogo wa umbo, magoti yanamsumbua miaka mingi, na ndiye mgonjwa wangu mwaminifu kuliko wote. Kila wiki ya dawa anakuja, anapokea vidonge vyake vya maumivu, ananiombea dua, anaondoka.

"Mjukuu wangu, na isipopita?"

"Itapita, bibi."

"Nauliza isipopita."

"Bibi, isipopita sitampa mtu kidonge tena hapa kijijini."

(Nani aliniuliza hilo? Hakuna. Nani alinituma kuapa? Hakuna. Mdomo uliponza kichwa, na kichwa kilikuwa changu.)

Nikachota maji ya ndoo, nikajaza chupa. Nikautoa utumbo, nikakata kipande. Nikauona laini kuliko wa Jumamosi, unateleza mkononi kama kambare, nikasema moyoni huyu alikuwa mbuzi mdogo, nyama yake itakuwa nzuri. Nikajaza uji, nikafunga, nikazamisha. Kisha nikashika kichupa cha aidini juu, watu wote wakione, nikamimina.

Maji yakawa rangi ya chai. Watu wakasema "aaa".

Kisha chai ikapauka.

Nilifikiri ni macho yangu. Nikainama. Ile kahawia ilikuwa inaondoka mbele yangu, inakuwa njano, njano inakuwa rangi ya majani makavu, kisha ikawa maji. Maji meupe kabisa, na ndani yake utumbo mweupe kabisa. Nikaongeza aidini. Ikaja chai, ikaondoka. Nikaongeza tena. Ikaja kwa haraka, ikaondoka kwa haraka zaidi, kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu motoni.

"Aidini imekwenda wapi?" akauliza Daktari.

"Inapita, Daktari."

"Inapita kwenda wapi? Ndani kweupe."

Nikasema tusubiri dakika ishirini. Ndugu zangu, nimewahi kungoja majibu ya mtihani, nimewahi kungoja posa ikajibiwa hapana, lakini sijawahi kungoja kama nilivyoingoja ile chupa. Jasho lilianza shingoni likateremka mpaka kwenye mkanda. Nilikuwa naipiga chupa kwa ukucha, tik, tik, kana kwamba aidini imelala. Watu walikaa kwa adabu, na adabu ile iliniumiza kuliko kama wangenizomea. Dakika ishirini zikaisha. Utumbo mweupe kama ulivyozaliwa.

Bibi Mwanaidi akasimama tena. Akaja mpaka mezani, taratibu, kwa magoti yake yale. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huruma, na hapo ndipo nilipojua nimekwisha.

"Mjukuu wangu, sisi tulijua," akasema. "Hatukukwambia kwa sababu tulikuona una moyo. Ulikuwa unatupa kwa mikono miwili, tungekataaje? Lakini leo umejionea mwenyewe. Shika mali yako."

Akafungua pindo la khanga. Vikamwagika mezani. Vidonge vyeupe, vingine vimeanza kuwa na manjano, vya miezi yote. Nilikuwa navitambua vingine kwa jinsi nilivyovivunja nusu kwa kisu changu mwenyewe, nikimwambia meza nusu asubuhi, nusu jioni.

Nikadhani yameisha. Nyuma yake akaja mama mwingine na kitambaa kilichofungwa. Nyuma yake mchungaji na kisanduku cha kiberiti. Nyuma yake mzee na kopo la ugoro, akavitoa vidonge kimoja kimoja akivipuliza ugoro, akaniomba radhi kwa harufu. Foleni ikajipanga yenyewe, nzuri kuliko zote nilizowahi kuwapangisha. Kila mmoja anaweka, anasema pole, anapisha. Mwanaume mmoja akaja mikono mitupu.

"Vyangu sinavyo, Bwana Dresa. Nilimpa ndama aliyekuwa anaharisha."

"Ikawaje?" akauliza Daktari.

"Alipona."

"Kwa hiyo kwa ndama vinapita," akasema Daktari, bila kucheka, na akaandika kitu kwenye kitabu chake.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Ndiyo, yule yule aliyetia sahihi. Alivileta ndani ya bahasha ya kaki, imefungwa vizuri na gundi, akaiweka mezani akiangalia paa. Klorokwini. Nilimpa alipokuwa na homa wakati wa kupalilia.

Hapo Daktari akafungua mkoba. Akatoa ripoti. Akaitafuta ile sentensi kwa kidole, akaisoma kwa sauti, mbele ya rundo la vidonge, mbele ya watu wote: "Wananchi wa kijiji hiki sasa wanameza vidonge kwa hiari na kwa uelewa." Akailaza ripoti mezani, kando ya chupa. Nilitamani anitukane, Landrova iondoke, nirudi kwetu Kinampanda nikalime viazi.

Watu wengine walikuwa wananitazama mimi. Mzee Sombi hakunitazama. Yeye alikuwa ameshika kipande cha utumbo kilichobaki, anakigeuza-geuza kama mtu aliyeletewa sarafu asiyoijua. Akakiweka. Akainama kwenye ndoo ili anawe mikono. Akasugua vidole. Akasimama, akasugua tena. Kisha akaweka kidole ulimini.

"Magadi," akasema.

"Nini, mzee?" akauliza Daktari.

"Maji haya yana magadi. Mengi. Mtu ametaka utumbo ulainike."

Watu wote wakageuka kumtazama Mama Salome, aliyekuwa mlangoni na mwiko mkononi.

"Mimi sikuugusa," akasema Mama Salome. "Dresa alinikataza kuugusa, sikuugusa. Niliweka magadi kwenye maji. Bonge moja tu. Sasa utumbo wa mgeni unakaa kwenye maji matupu tangu alfajiri, utaiva saa ngapi? Usiotiwa magadi mgeni atautafuna mpaka kesho. Mmetaka mgeni aondoke akisema kijiji hiki hakijui kupika?"

Kina mama wote wakasema, "Kweli." Na kweli ni kweli. Nyumba yoyote kuanzia hapa mpaka Unyambwa, utumbo mgumu hutiwa magadi. Mtu anayeacha ndoo ya utumbo kwa mama mpishi akidhani atauacha hivi hivi, huyo hajalelewa na mama. Mimi nimelelewa na mama. Nilisahau.

Daktari alikuwa amesimama. Kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na uhai.

"Aidini haivumilii magadi," akasema. "Inavunjika, rangi inapotea. Haikushindwa kupita. Iliuawa mlangoni." Akanigeukia. "Una siki ya kupimia mkojo?"

Ninayo, ile tunayotonesha kwenye mkojo wa wajawazito. Nikaikimbilia, nikarudi nayo mbio. Akasema mimina. Na mimi, kwa wasiwasi niliokuwa nao, sikutonesha. Nilimimina.

Chupa ikachemka. Povu likapanda shingoni kama maziwa yaliyosahauliwa motoni, na ndani ya povu ile kahawia ikarudi, kwanza njano, kisha chai, kisha chai ya rangi iliyokolea. Watu wakarudi nyuma. Povu likafurika, likateremka mezani, likakumbatia rundo la vidonge, likaifikia ripoti kabla sijaifikia mimi.

Nyinyi mnajua karatasi hutengenezwa na wanga ndani yake. Mimi pia najua. Lakini kujua si kama kuiona ripoti yako ikigeuka nyeusi. Weusi ulianzia ukingoni, ukapanda mstari kwa mstari mpaka ukaifikia ile sentensi. Ukaimeza, kwa hiari na kwa uelewa. Sahihi ya mwenyekiti ikafuata.

"Hata karatasi imekiri," akasema Daktari.

Bibi Mwanaidi ndiye aliyetushtua. Alikuwa amekaza macho kwenye chupa.

"Tazameni," akasema.

Utumbo ulikuwa unageuka. Kwanza kama moshi kwa ndani, kando kando ya ukuta, kisha buluu, kisha weusi umejaa kipande chote, na uji haujatoka hata tone. Daktari akauinua kwa koleo, akauzungusha ili waone hauna tundu. Akautoa uji kidogo kwenye sahani, mweusi tititi. Aidini imepita. Ubao wangu ulikuwa sahihi, mistari yote mitatu, ila hakuna aliyeutazama, hata mimi.

Daktari akafungua kopo jipya, akatoa aspirini moja, akaiweka kwenye kiganja cha Bibi Mwanaidi. Mama Salome akaleta kikombe cha maji. (Nilimuuliza kama yana magadi. Aliniangalia kwa jicho ambalo sitalielezea.) Bibi akakitazama kidonge, akatazama utumbo mweusi, akanitazama mimi. Akameza. Akafungua mdomo tuone hakipo.

Nilihisi machozi. Nilihisi kozi imerudi. Nilihisi miezi yote ile ya daftari imepata maana.

Bibi Mwanaidi akafuta mdomo, akageuka kidogo, akashika khanga nyongani.

"Haya, nimemeza. Na sindano iko wapi?"

Daktari ndiye aliyeanza. Mtu yule mrefu mkimya alicheka mpaka akavua miwani. Kijiji kikamfuata. Sikuwahi kujua kicheko cha watu wote kinaweza kutikisa bati. Mwenyekiti alicheka kuliko wote, nadhani kwa sababu kicheko kilikuwa kimemwacha yeye kikanichukua mimi.

Walipotulia, Daktari akaniita pembeni. Akaitoa fomu ya kozi, nikaiona kwa macho yangu, nafasi ya jina iko wazi. Akaikunja akaitia mfuko wa shati.

"Hii nakaa nayo," akasema. "Kabla mwezi haujaisha niletee ripoti nyingine. Uandike yule bibi alisema nini, neno kwa neno, na ya ndama uyaandike. Nikisoma nikaamini, nitajaza jina."

"La nani, Daktari?"

"La aliyeandika ukweli," akasema, akaenda kula.

Wakala. Utumbo ulikuwa laini ajabu, kila mtu alimsifu Mama Salome. Daktari aliongeza sahani mara mbili. Mimi nilikaa mwisho wa mkeka na ugali wangu mzima mbele yangu, sijaumega, vidole bado vya kahawia. Nikainua macho. Mzee Sombi alikuwa ananitazama kutoka upande wa pili, anatafuna pole pole.

Kwenye daftari la Kupenya nimeandika leo kurasa mbili. Utabiri wangu: sahihi, kwa msaada wa siki. Utabiri wa Mzee Sombi: sahihi, bila chupa. Ripoti mpya nimeianza mara nne na nimeichana mara nne, maana kila nikifika kwenye ya ndama mkono unasita. Lakini nitaiandika.

Barua hii mwenyekiti ataipeleka Mkiwa kesho kusubiri basi. Nimeifunga kwa gundi yake ile ile.

Sasa najua mtacheka, na siwezi kuwazuia nikiwa mbali hivi. Ila kabla hamjacheka, kila mmoja kwenye zahanati yake, amwombe kwa adabu bibi wa kwanza kwenye foleni yake afungue pindo la khanga.

Wenu katika ujenzi wa taifa na katika aibu,

Elia